Kisanduku cha Ukurasa wa Pili

Hebu mwone kwanza anavyofika. Ni Ijumaa, saa kumi kasorobo alasiri, na mwanamke wa makamo anapanda ngazi za ofisi ya kamati za bunge, ameshika bahasha kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi akiogopa usimwagike. Kiatu chake cha kulia kimelika zaidi ya cha kushoto, maana bega la kulia ndilo lililobeba mkoba wa makaratasi kwa miaka tisa. Mlinzi wa mlangoni hamuulizi kitambulisho. Anamwambia, "Bi Waraka, leo peke yako? Matajiri wako umewaacha wapi?"

Siku nyingine angemrudishia utani kabla haujatua chini. Leo anatabasamu nusu, anapita.

Ukiliona tabasamu nusu kwa mtu kama huyo, jua kuna jambo. Sogea karibu nikusimulie, halafu tutarudi hapa hapa kwenye ngazi, maana saa kumi ikigonga kabla hajafika dirisha la kupokea makaratasi, basi tena.

Kazi ya Bi Waraka si rahisi kumweleza mtu. Marehemu mama yake alikuwa akiwaambia majirani, "Binti yangu huwaandikia matajiri barua," na hakukosea sana. Kuna chama cha wenye viwanda na wafanyabiashara, ofisi yake iko ghorofa ya tatu juu ya duka la vigae. Lifti ilikufa zamani, ila kibao cha "inatengenezwa" bado kinaning'inia mlangoni. Serikali ikileta sheria ya kodi, au ya ajira, au ya bidhaa zinazoingia kutoka nje, wanachama hupanda ngazi hizo wakihema na kuizunguka meza ndefu, na kila mmoja hulalamikia kiatu kinachombana yeye. Mwenye kiwanda cha sabuni anataka ushuru upande, mwenye duka la sabuni anataka ushuru ushuke, na wamekaa viti viwili vinavyogusana. Bi Waraka huketi pembeni na daftari lake lenye jalada la buluu. Baada ya siku tatu zile kelele zimekuwa kurasa sita zilizonyooka, zinaanza na "Waheshimiwa wajumbe wa kamati" na zina hoja tatu. Si nne. "Mbunge hukumbuka hoja tatu," alipenda kusema. "Ya nne ni ya kumfurahisha mwandishi."

Na alikuwa na kitu kimoja kilichokuwa chake peke yake. Walikiita kisanduku.

Kisanduku kilizaliwa kwa aibu. Mwaka wake wa kwanza kazini aliandika waraka wa kurasa kumi na moja, majedwali mwanzo mwisho. Siku ya kikao akakaa benchi la nyuma, joto limezidi, akamwona mheshimiwa mmoja akijipepea kwa waraka ule tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuufungua hata mara moja. Bi Waraka alirudi nyumbani akajiambia: watu hawali namba. Waraka uliofuata ulihusu foleni ya malori mpakani, na kwenye ukurasa wa pili akachora mraba wa kijivu, akaweka ndani yake maneno ya dereva mmoja: "Nimenyoa ndevu mara tatu kwenye foleni hii. Mara ya tatu nilinyoa kwa kuogopa mke wangu asije akanifungia mlango akidhani ni mgeni." Wabunge wakacheka. Walipomaliza kucheka wakauliza, hivi kweli mtu analala mpakani siku zote hizo? Mwaka ule mihuri ya mpakani ikapunguzwa kutoka tisa hadi mitatu. Mpaka leo wapo madereva wakimwona barabarani hupiga honi.

Kwa hiyo usije ukamdhania vibaya. Aliipenda kazi yake, na kazi ilikuwa na faida kwa watu.

Kisanduku kikawekewa kanuni, naye ndiye aliyeziandika. Mistari minne, isizidi. Maneno yawe yametamkwa na mtu kweli, mwandishi asiongeze. Na msemaji asiwe ndugu wa mwanachama wala wa mfanyakazi wa chama. Hiyo ya mwisho ilitokana na mwanachama mmoja aliyemleta shemeji yake kama "mkulima", jamaa ambaye jembe alikuwa analiona dukani. Magazeti yalicheka wiki nzima.

Mwandishi asiongeze. Kuhusu kupunguza, kanuni haikusema kitu.

Sasa tuje kwa mdogo wake. Waliachwa wawili tu, tumbo moja, wakipishana miaka tisa. Mdogo walimwita Sindano, kwanza kwa wembamba wake, baadaye kwa sababu ya kazi: alikuwa akishona mifuko ya suruali kiwandani. Mifuko tu. Mwingine alishona ukanda, mwingine zipu, yeye mifuko, mia mbili na arobaini kwa siku, miaka saba. Aliishi kwa dada yake pamoja na binti yake wa miaka minane, vyumba viwili na jiko, na mlango wa bafuni usiofunga mpaka uubebe kidogo.

Kwenye kiwanda kile kulikuwa na utaratibu wa siku mbili. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu. Ukiisha, unapumzishwa siku mbili, Jumatatu na Jumanne. Jumatano asubuhi unasimama nje ya geti pamoja na wenzako, msimamizi anatoka na orodha, anasoma majina. Ukisomwa, unaanza upya kama mtu aliyeajiriwa jana. Usiposomwa, unageuka na kwenda zako, na hakuna wa kumdai maelezo. Ndiyo maana kwa miaka saba, kwenye vitabu, Sindano hakuwahi kufanya kazi zaidi ya miezi mitatu. Wenyewe walisema wamekalia kuti kavu, na kuti lenyewe lina tarehe.

Mswada wa ajira ukaja kuligusa kuti hilo. Kifungu cha kumi na nne kilisema: mtu akifanya kazi miezi sita mahali pamoja, hata kama imekatwa katikati kwa siku chache, ahesabiwe mfanyakazi wa kudumu.

Meza ndefu iliwaka moto. Mwenyekiti wa chama, ambaye ndiye mwenye kiwanda kile cha nguo, alisimama akavua miwani. Si mtu mbaya, nakwambia. Alianza na cherehani mbili ukumbini kwa mama yake.

"Oda zangu zinakuja kama mafuriko," alisema. "Miezi minne nahitaji watu mia sita, miezi miwili nahitaji mia tatu. Nikilazimishwa kuwabeba wote mwaka mzima, nafunga. Nikifunga, hao mia sita wataajiriwa na nani? Wataajiriwa na kifungu cha kumi na nne?"

Watu wakapiga meza. Bi Waraka akaandika, kwa sababu hoja ilikuwa hoja. Za pili na tatu zikapatikana. Kilichobaki kilikuwa kisanduku.

Viwanda vilimletea watu, na wote walikuwa wasimamizi waliokaririshwa. "Sisi wafanyakazi tunaridhika sana na mazingira rafiki," alisema wa kwanza, na wa pili akasema hivyo hivyo, na wa tatu akasahau katikati akamwangalia meneja wake. Bi Waraka akawashukuru wote na kufunga daftari. Waraka ulitakiwa kesho yake.

Ilikuwa Jumapili. Nyumbani yeye anaosha vyombo, Sindano anafuta. Akamuuliza tu, kama mtu anayepitisha muda:

"Hivi zile siku zenu mbili, huwa unazionaje?"

"Nazionaje vipi, dada? Nalala mpaka jua linifuate kitandani. Nafua. Naenda shule naonana na mwalimu wa mwanangu, maana siku nyingine zote mtoto namwona akiwa na pajama. Zile siku mbili ndiyo mimi mama." Akaweka sahani rafuni. "Ila usiku wake sasa! Usiku wa Jumanne silali. Nahesabu mabati ya paa. Sijui kama kesho nitasomwa au nitarudi nyumbani na kiberiti changu cha chakula kimejaa."

Wakacheka, kwa sababu kontena lile la chakula kweli lilikuwa dogo kama kiberiti. Bi Waraka akafuta mikono, akafungua daftari la buluu.

"Unaandika nini?"

"Mambo ya kazi tu."

Asubuhi ofisini aliyapiga chapa maneno yale yote. Yakatoka mistari sita. Kisanduku kinabeba minne. Akayatazama, na mkono wake, ambao kwa miaka tisa umezoea kukata, ukakata kutoka chini. Ikabaki usingizi, kufua, shule, na "Zile siku mbili ndiyo mimi mama." Chini yake akaandika: mshonaji wa mifuko, kiwanda cha nguo, miaka saba. Jina hakuweka. Tangu kisa kile cha shemeji, hakuna aliyeuliza tena kisanduku ni nani. Akajiambia kila neno ni la kweli, na lilikuwa la kweli. Kuhusu kanuni ya ndugu, akajiambia ni mara moja tu, na muda umekwisha.

Mwenyekiti akakisoma. "Hiki," akasema, "kitamaliza mchezo."

Alhamisi simu ikalia. Karani wa kamati, mzee mmoja mpenda utani ambaye wamezoeana naye kwa miaka mingi.

"Bi Waraka, Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati amekipenda kisanduku chako. Anamtaka."

"Anataka nini?"

"Anamtaka mshonaji. Jumanne saa nne, mbele ya kamati, asikilizwe kwa mdomo wake."

"Acha mzaha, mzee."

"Mzaha nauacha nyumbani siku za Alhamisi. Mlete."

Akabaki ameshika simu iliyokwisha kukatika. Kabla hajaiweka chini, Mwenyekiti alikuwa amekwisha kupata habari, kaingia na furaha ya bwana harusi. "Mifuko? Miaka saba? Huyo wa kwangu! Acha nimwambie meneja amtafute, tumpe na gari."

"Hapana," alisema Bi Waraka, upesi kuliko alivyotaka. "Nitamleta mwenyewe. Watu wa namna hiyo wakiona gari wanaogopa."

"Ndiyo maana nakupenda," akasema Mwenyekiti. "Unawajua watu."

Jioni ile Bi Waraka alimsubiri mtoto aende kucheza kwa jirani, ndipo akamweleza mdogo wake. Akaweka ule ukurasa mezani. Sindano akausoma akiwa amesimama, midomo ikitembea.

Kwanza alicheka. "Mimi huyu? Nimekuwa wa bungeni?" Kisha akasoma tena, taratibu, na kidole chake kikafika mwisho wa mraba wa kijivu na kuendelea kushuka, kikitafuta.

"Na mabati je?"

"Mistari ilikuwa sita. Kisanduku kinabeba..."

"Nimekuuliza mabati yangu yako wapi, dada."

Bi Waraka akaunyoosha ukurasa kwa kiganja, mtu aliyezoea kuwajibu mawaziri.

"Umechukua mchana wangu ukaacha usiku," alisema Sindano. Hakupaza sauti. "Anayesoma hapa ataona mimi naomba zile siku mbili ziendelee."

"Usiende. Nitasema unaumwa."

"Halafu? Washona mifuko wa miaka saba tuko wanne. Mwenyekiti wako atawaita wote wanne, na wale watatu watasema si wao. Atabaki nani? Na akiuliza huyu ni nani wako?" Akavuta kiti, akakaa. "Hebu nihesabie wewe mwenye shule. Kikao ni Jumanne. Jumanne hii mimi niko kwenye siku zangu mbili. Nikisema ukweli wote, tajiri mwenyewe yuko nyuma yangu anasikia, Jumatano jina langu halisomwi. Nikisema uongo, kifungu kinakufa, na mimi nahesabu mabati mpaka nizeeke. Na udugu wetu ukijulikana, nawe kazi huna. Kanuni ya ndugu si wewe uliyeiandika? Ulinisomea hapa hapa, ukijisifu."

"Mimi ndiye."

"Basi umetufungia ndani wote wawili, na ufunguo umeuacha nje."

Siku nne zile waliishi kama wapangaji. Mtoto aliuliza mbona mama na mama mkubwa wanapishana jikoni bila kugusana, wakamwambia jiko ni dogo. Bi Waraka alipanga hotuba kumi kichwani za kwenda kumweleza Mwenyekiti. Kila hotuba ilianza vizuri na kufia kwenye neno "mdogo wangu". Jumatatu alipanda ngazi za ghorofa zote tatu mpaka mlangoni kwa Mwenyekiti, akainua mkono kubisha. Akamsikia ndani akicheka kwenye simu, "Tuna shahidi, bwana, shahidi wa kweli!" Mkono ukashuka wenyewe.

Jumanne Sindano alivaa gauni la buluu la kwendea shule, lile la kuonana na mwalimu. Chumba cha kamati kina meza ya umbo la kwato, vipaza sauti vyenye taa nyekundu, na kiti kimoja katikati ambacho hakina mbele wala ubavu wa kujificha. Wenye viwanda walikaa nyuma. Watu wa chama cha wafanyakazi walikaa upande wa dirishani, wakimtazama Sindano kwa jicho la kumpima. Bi Waraka alikaa nyuma ya kiti, hatua mbili, daftari la buluu limo kwenye mkoba.

"Karibu, dada yetu," alisema Mheshimiwa. Alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya kubembeleza. "Usiogope, hapa hatumli mtu. Maneno haya kwenye karatasi ni yako?"

Sindano akawasha kipaza sauti, akakizima, akakiwasha tena. "Ni yangu."

"Uliyasema kwa hiari?"

"Nilikuwa nafuta vyombo. Hakuna aliyenilazimisha."

Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti alicheka kuliko wote.

"Nimeyapenda," akasema Mheshimiwa. "Ila mimi nimelea watoto kwa kazi ya kibarua kabla sijaingia humu. Nikiyasoma naona kama yanasimama ghafla. Kuna lililobaki, mama?"

Hapo ndipo palipokuwa mlango. Mheshimiwa alikuwa ameufungua mwenyewe na anaushikilia. Bi Waraka aliona shingo ya mdogo wake ikigeuka, taratibu, mpaka wakaonana. Si macho ya hasira. Yalikuwa macho yale ya utotoni, Sindano akiwa amekalia tawi asijue ashuke vipi, anamtazama dada yake aliye chini amwambie weka mguu hapa.

Na Bi Waraka, mwenye hoja tatu kwa kila jambo, hakutikisa kichwa juu wala pembeni. Alitazama kiatu chake cha kulia.

Sindano akageukia kipaza sauti.

"Hakuna lililobaki, Mheshimiwa," akasema. "Ndiyo yote."

Taa nyekundu ikazimika. Yote yale yalichukua pumzi tano, usizidishe.

Kwenye korido Mwenyekiti alimshika Bi Waraka mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kuanzia mwezi ujao wewe ni mkurugenzi wa sera. Nimeshaongea na wenzangu." Kilemba kile kilikuwa cha ukoka, na Bi Waraka alikihisi kinavyowasha, lakini alisema ahsante. Ungemsikia usingegundua kitu.

Jumatano asubuhi Sindano alisimama getini na wenzake. Msimamizi akatoka na orodha. Jina lake lilisomwa la kwanza, kwa sauti, na baada yake yakasomwa mengine, na wanawake wawili hawakusomwa. Mmoja wao alikuwa wa mifuko. Na kwenye ubao wa matangazo, ndani ya geti, palikuwa pamebandikwa ukurasa wa pili, kisanduku kimezungushiwa kalamu nyekundu.

"Shahidi kafika!" alisema wa ukanda, walipokaa kwenye mashine. "Jamani mpisheni, ana siku zake mbili za kuwa mama. Sisi wengine labda ni akina baba."

Hakuna aliyecheka kwa nguvu. Mchana alikula peke yake, na kiberiti chake cha chakula kikarudi nusu.

Jioni Bi Waraka alimkuta jikoni, akajaribu. Alisema kamati inapokea maandishi ya nyongeza mpaka Ijumaa saa kumi, kabla ya kwenda kupiga kura Jumatatu. Alisema anaweza kupeleka ile mistari miwili, irudi mahali pake.

Sindano alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Daftari liko wapi?"

"Mkobani."

"Liache huko huko. Usiniandike tena, dada. Hata kwa wema usiniandike." Akakata kiazi vipande viwili. "Mara ya kwanza ulichukua maneno bila kuniuliza. Safari hii nimekukataza, basi usiseme hukusikia."

Tangu hapo Sindano ana tabia mpya. Anaweza kuwa anamsimulia mtoto jambo, anacheka, dada yake akiingia anakata katikati, anamtazama mikononi. Akiona hakuna kalamu, anaendelea, lakini kwa kitu kingine. Nyumba ya vyumba viwili, ndugu wawili, na mmoja anaongea kama yuko mbele ya polisi.

Basi turudi kwenye ngazi zetu. Ni saa kumi kasoro dakika nane. Bi Waraka amefika dirishani, na karani, yule mzee wa utani, ameinua kioo.

"Tumefunga duka," anasema. "Nakutania. Lete."

Anaifungua bahasha, maana ni lazima ahakiki. Ndani kuna karatasi moja. Hakuna kichwa cha chama juu. Hakuna hoja tatu. Na hakuna neno hata moja la Sindano. Imeandikwa: Mimi ndiye niliyeandika waraka wa chama. Maneno ya kisanduku cha ukurasa wa pili niliyakata, na nilipoyakata niliyageuza. Yaliyokatwa si yangu kuyasema. Naomba kamati isikitegemee kisanduku hicho. Chini kuna jina lake, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo karani hajawahi kuliona tangu wafahamiane. Inabidi alisome mara mbili.

Utani unamtoka mzee usoni. Anainama karibu na tundu la kioo.

"Wenye chama wanajua?"

"Watajua ukiisajili."

"Jumatatu hutakuwa na kiti cha kukalia."

"Najua."

"Na yule binti? Alisema mbele ya Mheshimiwa hakuna lililobaki. Hii ikiingia, wataona amedanganya kamati, au watamwita tena. Kwa vyovyote bosi wake atasikia. Umemuuliza?"

Bi Waraka anaikunja bahasha tupu. Hajamuuliza. Angemuuliza angekataa, na angekuwa na haki. Asipopeleka, kura inapigwa Jumatatu, na watu mia sita wataendelea kusimama getini Jumatano za maisha yao, kwa mistari minne iliyotoka mkononi mwake. Akipeleka, anamchukua tena mdogo wake na kumweka mahali ambapo hakuomba kuwekwa.

Saa ya ukutani nyuma ya karani ina mshale mrefu wa dakika unaoruka. Umeruka. Kasoro tatu.

Mzee amekwisha bonyeza muhuri kwenye wino. Ameushika juu ya karatasi, mkono umetulia, anamtazama kwa huruma ya mtu aliyepokea makaratasi mengi na kujua kwamba yakishagongwa hayarudi kwa mwenyewe.

"Bi Waraka," anauliza, "nigonge?"

Nawe uliyekaa nami tangu kwenye ngazi, ukamwona Sindano na mabati yake, na wale wawili ambao hawakusomwa: ungekuwa ni wewe uliye upande huu wa kioo, ungemjibu nini?